Kiti Kitupu cha Minnesota

Irene, Elihuruma kafeli usaili wa uraia wa Marekani. Mwalimu mzima wa historia!

Limebaki swali la mwisho, ana matano, anahitaji sita. Mama wa uhamiaji kamwambia, "Taja seneta mmoja wa jimbo lako la Minnesota kwa sasa."

Mmoja tu, Irene. MMOJA.

Mume wangu kaanzia mwaka 1858, jimbo lilipoundwa! Kashuka na maseneta wote mpaka uchaguzi wa Novemba iliyopita, kaeleza kura bado zinabishaniwa, kiti kimoja kati ya viwili kitupu tangu Januari. Mama wa watu kasubiri weee. "Sawa, nitajie aliyepo."

Jina limemtoka.

Nimechoka mimi. Kakaa sebuleni na koti lake, ananiuliza polepole, "Mama Careen, hivi aliyepo nani?"

Irene, hata mimi simjui. Na usaili wangu Alhamisi.