Waliita Jina Letu, Akasimama Yeye

Shikamoo Mama Sabina, mimi kuandika siyo sana, niliishia darasa la nne, ila naomba unisikilize na jina langu usilitoe gazetini. Hapa Bugwema tuko wawili jina moja, mimi na wajina wangu, tunachungaga ng'ombe za Mzee Makongoro kwa zamu tunazopangana wenyewe, sasa siku ya zamu yangu nikaenda senta kuchaji simu, kurudi nakuta ng'ombe zimemaliza mahindi ya Mama Marieta, yeye alisikia tu watoto wanamwita mchungaji kwa jina, mtu hakumuona, kwenye mkutano mwenyekiti akaita hilo jina na mimi niko nyuma natetemeka, wajina akageuka akaniangalia, akasimama, akasema ni mimi. Akalimishwa shamba lote upya siku nne, peke yake. Mimi nilikuwaga napita kwa mbali namwangalia.

Sasa baba yake Happyness, mchumba wa wajina, amesema binti yake hamwozeshi kwa mzembe, na wajina bado hajanitaja, juzi kaniita, "We wajina, siku hizi unanikwepa, nanuka?" nikacheka tu. Na mimi nabatizwa Pasaka, Katekista Nicolaus anatufundisha Yesu alisimama badala yetu, adhabu imekwisha, wenzangu wanasema amina, mimi inanikwama. Naogopa Mama. Kama ile imekwisha, na hii si imekwisha? Nikisema, si nitakuwa nimemharibia alichonifanyia?

Jina limehifadhiwa, Bugwema

*

Marahaba mwanangu. Pole. Lakini acha kumsingizia Yesu. Alisimama badala yako ili na wewe usimame, siyo ili uchutame nyuma yake.

Kulima kumekwisha, kweli. Zile siku nne huwezi kumrudishia, zipokee useme asante. Ila uzembe wako bado kaubeba, na sasa unamkosesha mchumba. Huo haujaisha, wewe unaona kabisa, maana macho unayo!

Usingoje Pasaka. Leo nenda kwa wajina wako, mshukuru, mwambie unakwenda kusema. Akikukataza usimsikilize. Toka hapo kwa Mama Marieta, halafu kwa baba yake Happyness kabla hajapokea posa nyingine. Kutetemeka tetemeka tu, hakuna aliyekukataza.

Siku ya ubatizo utaulizwa jina lako mbele ya watu. Mimi nimelificha kama ulivyoomba. Wewe nenda kalitaje.