Makopo Tisa Matupu Barazani

Mama yangu,

Shikamoo. Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako siwezi kuiuliza, miezi minane imepita tangu tukuzike, na ya kwangu ungeijua kwa kunitazama tu. Nimekaa barazani kwako hapa Mtaa wa Sikukuu, mgongo ukutani, na makopo yako tisa yamejipanga mbele yangu. Bado ni matupu. Kuna neno nilipaswa kukwambia miaka saba iliyopita. Nimeamua kuliandika, maana mdomo wangu kila mara uliniangusha.

Niruhusu nianze na yale yanayonifurahisha. Huko kwingine nitafika, sitakimbia tena.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitoboa makopo. Ulilipindua kopo la maziwa ya unga juu ya ngazi ya mlangoni, ukashika msumari, ukagonga kwa jiwe, matundu matatu, si zaidi. Udongo uliuchanganya na mchanga, majivu ya jikoni na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Mbegu hukuzifukia. Ulizinyunyiza juu kwa vidole kama unayetia chumvi kwenye mchuzi, ukazipapasa kidogo kwa kiganja, basi. Baada ya wiki moja ulikuwa ukiniita niinamie kopo nione vijani vya kwanza, na mimi nilikuja mbio, enzi hizo nikiwa bado na akili zangu.

Maua hayo yalikuwa na majina yake huko yalikotoka, lakini wewe uliyapa ya kwako. Yale madogo yanayotambaa, mekundu na ya njano, uliyaita Saa Nne, kwa sababu yalilala mpaka jua likaze ndipo yafunguke yote kwa pamoja. Marefu yenye shina gumu uliyaita Karatasi, kwani hata yakikauka hayapotezi umbo. Ya rangi ya chungwa, yenye harufu inayokwaruza pua, yalikuwa Ya Mbu, nayo uliyaweka karibu na mlango. Majirani wakikuuliza unayatunzaje uliwacheka. Ulisema maji ya kusuuzia vyombo yanayatosha, ila yaliyozeeka yachumwe upesi, la sivyo mengine yatadhani kazi imekwisha. Wabeba mizigo wa sokoni walipita na magunia kichwani, wakageuza shingo pole pole wasiangushe mzigo, wakasema, "Mama, baraza lako linacheka."

Msimu ukiisha yalikufa yote. Hukuhuzunika. Uliyaacha vichwa vikauke, ukavianika kwenye ungo, ukavisugua viganjani na kuzifunga mbegu kwenye pindo za khanga kuukuu, mafundo matatu, kila aina na fundo lake. Khanga hiyo ilikaa chini kabisa ya sanduku lako. Mbegu kidogo ulimpa Mama Ndeshi, mpangaji wetu wa chumba cha uani, yule Mchaga aliyehamia Magomeni mumewe alipopata duka kule.

Sasa nafika.

Nilikuwa kidato cha tatu na kichwa changu hakikuingia mlangoni kwa ukubwa. Kila nyumba ilihimizwa kupanda chakula, hata sisi wa mjini, na shuleni mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza kazi za bustani. Hapo nilijifunza neno kasumba, nikalipenda kupita kiasi, nikawa nalitumia kwa kila kitu nisichokitaka. Nilijua mbegu zako zilikotoka. Kabla ya Uhuru ulikuwa yaya kwa Wazungu Oysterbay. Siku moja nilikwambia kwamba maua yale ni kasumba uliyopewa na mabwana zako. Hukukasirika. Ulinijibu, "Nilizizoa mwenyewe nikifagia baraza lao. Hakuna aliyenipa." Kisha ukaendelea kuchambua mchele.

Msichana mmoja wa darasa letu alipita nyumbani akaona. Kesho yake aliniuliza mbele ya wenzake kama kwetu tunakula maua. Walicheka mpaka kengele ikalia. Mama, nilikuonea haya. Wewe uliyenisomesha kwa vitumbua, nilikuonea haya kwa ajili ya makopo tisa.

Wiki ileile nikasikia kwamba Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, atapita kwetu Jumamosi asubuhi. Sikuuliza anakuja kwa lipi. Nilijiambia kwamba anakagua nani kapanda chakula na nani hakupanda. Uliondoka alfajiri na beseni lako la vitumbua, nami nikaanza kazi. Niling'oa yote, kopo moja baada ya jingine, nikayatupa jalalani kando ya nyumba. Nikapanda mchicha. Halafu nikaingia chumbani kwako, nikafungua sanduku, nikafumua mafundo matatu ya khanga, nikaikung'uta juu ya mfereji wa maji machafu. Hilo la mbegu ndilo linalonichoma zaidi. Maua ningeweza kusema niliyang'oa kwa hofu ya balozi. Mbegu hakuna aliyekuwa akiziona. Nilizimwaga ili usipate kuanza tena.

Ulirudi na Mzee Kondo, mlikutana njiani. Yeye alikuwa amevaa kofia yake ya sherehe, anatabasamu tangu mbali. Alisema, "Mama Mwajuma, nimekuja kukuomba maua. Jumatatu tunapokea mgeni pale tawini na meza yetu iko tupu."

Hakumaliza vizuri. Aliona makopo. Wewe ulitazama jalalani, na mimi nikatazama ulikotazama. Ilikuwa saa nne. Yale maua madogo yalikuwa yamefunguka palepale juu ya takataka, mizizi ikiwa nje. Kisha ukatazama mikono yangu, ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Nimeyang'oa mwenyewe, Mzee," ulisema. "Nimeona tupande mboga."

Alikujibu kwamba ungemwuliza kwanza. Kwa upole, lakini watu walisikia, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema Mama Mwajuma kang'oa maua yake makusudi asiwape wenzake. Mwenye uchoyo ukawa wewe, ambaye kila mwaka uligawa mbegu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako nikanyamaza. Balozi alipoondoka ulileta beseni na kata, ukanimiminia maji. "Nawa, ule," ulisema. Jambo lile hukulitaja, siku ile wala baadaye.

Mchicha ulitoka mwembamba, tukaula mara moja. Ulisema ni mtamu.

Baada ya hapo makopo yakabaki matupu. Uliyaosha, ukayapanga, ukawa unayafuta vumbi kila Ijumaa. Walipokuuliza mbona hupandi, ulijibu, "Bado." Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikapata kazi, nikawa nakuja mwisho wa wiki kukuletea habari za foleni ya sabuni na sukari iliyoadimika. Nilizungumza mno, Mama, nadhani ulijua kwa nini. Hata wiki ile ya mwisho, ukiwa umelala, uliniuliza kama nimepita barazani. Nikasema nimepita. Ukauliza nimeona nini. Nikakujibu kwamba nimeona pamefagiliwa vizuri. Ukafumba macho.

Jumapili iliyopita nilikwenda Magomeni kwa miguu. Nilitaka mbegu, nikidhani nikizipanda nitapata usingizi. Baraza la Mama Ndeshi limejaa Saa Nne zako, kwenye masufuria yaliyotoboka na ndoo iliyopasuka. Alinikumbatia, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi. Aliniambia kwamba miaka yote alikuwa akikubembeleza uchukue mbegu, nawe ulikataa.

"Mama yako alisema zikae kwangu," akaniambia. "Alisema, mwanangu akishazungumza na mimi atakuja mwenyewe kuzichukua." Akanishika mkono. "Kwa hiyo mlizungumza. Namshukuru Mungu, maana lile baraza tupu lilikuwa linaniumiza."

Nami nikasema, "Ndiyo, tulizungumza."

Umesikia, Mama? Nilinyamaza mbele ya balozi, na safari hii nimedanganya mbele ya rafiki yako, nikapokea mbegu zako kwa mikono miwili na kusema ahsante. Njia nzima kutoka Magomeni nilitembea nimeinamisha uso. Kumbe ulingoja. Ungeweza kupanda wakati wowote, ukachagua kukaa na makopo matupu mpaka mimi nifungue mdomo, na sikuufungua.

Basi naufungua. Ni mimi niliyeyang'oa. Mbegu nilizimwaga mimi, kwa kukusudia. Nilikuacha ubebe jina la uchoyo nikiwa nimesimama pale. Nisamehe, Mama. Nimeandika sentensi hiyo mara nne na kila mara naiona fupi.

Kifurushi sijakifungua. Kesho nakirudisha Magomeni, nimweleze Mama Ndeshi kwamba hatukuzungumza, na kwamba maua niliyang'oa mimi. Nikitoka huko nitapita kwa Mzee Kondo, amezeeka lakini masikio yake ni mazima. Mama Ndeshi akinipa tena mbegu, nitapanda. Akizizuia, ana haki, na makopo yako nitayafuta kila Ijumaa kama ulivyokuwa ukifanya.

Lala salama, Mama. Ni mimi mwanao, uliyemmiminia maji anawe.

Mwajuma