Kijiti cha Saa Kumi

KITUO KIDOGO CHA POLISI, SHIRAKALA
WILAYA YA KAKAMEGA
Alhamisi, tarehe 15 Agosti 1996

Shahidi: Jael Navalayo, mwanamke, umri miaka 57. Kazi: mkulima wa miwa na mfugaji wa kuku. Makazi: kijiji cha Shirakala.

Mimi ni dada wa marehemu Patroba Shitanda, aliyekuwa akiwaongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege katika msitu wa Buyangu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu mjane wake, wifi yangu Nasambu, yuko katika seli ya kituo hiki tangu juzi. Anadaiwa kuiba saa ya mumewe. Nasambu hakuiba. Naomba hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Saa yenyewe ni ya dhahabu, ya Uswisi. Patroba alipewa mwaka 1991 na Mzungu aliyekuwa akija msituni kila mwaka. Haina namba, ina vijiti vidogo vya dhahabu kumi na viwili chini ya kioo. Kile cha saa kumi kimeinama kidogo, kama mzee aliyesinzia kanisani. Ilitoka kiwandani hivyo. Mzungu yule kilimkosesha raha. Aliwaandikia wenye kiwanda, wakamjibu kwamba saa inakwenda sawasawa na kasoro kama hiyo haihesabiki. Hakutulia. Siku moja aliivua akampa Patroba, maana kila alipotaka kujua saa aliona kijiti tu.

Patroba alicheka mwezi mzima. Alikuwa akiniambia, "Navalayo, hiyo kijiti ndiyo mimi napendanga. Ingesimama wima, ningepata wapi saa kama hii?" Kila mgeni aliyefika kwake alionyeshwa kijiti kabla ya kupewa chai.

Patroba alifariki tarehe 2 Agosti. Mimi ndiye niliyemvua saa mkononi, nikampa Nasambu aiweke.

Mnamo Jumatano, tarehe 7, ndugu yetu mdogo Titus alikuja jikoni kwa Nasambu, mimi nikiwa nachambua mboga. Alisema saa ina mikwaruzo, na ni aibu Phineas, mtoto mkubwa wa marehemu, kukabidhiwa mbele za watu ikiwa hivyo. Angeipeleka kwa fundi Kisumu ing'arishwe. Nasambu aliitoa, naye Titus akanisogezea niione hiyo mikwaruzo. Niliiona, na kijiti nikakiona kimeinama vilevile. Nasambu akakubali aende nayo. Sikupenda. Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Hata mchungaji akinunua kuku kwangu, noti naiinua kwenye mwanga. Titus hajawahi kuosha hata baiskeli yake, leo ang'arishe saa ya mtu?

Tulizika Jumamosi, tarehe 10. Jumanne, tarehe 13, ilikuwa siku ya kunyoa nywele. Kwetu siku hiyo mali ya marehemu hutolewa hadharani, na mwenye neno hulisema. Mnamo saa tano asubuhi Titus alitoa saa mfukoni, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Ilimetameta. Wazee wakaisifu, Phineas akakabidhiwa. Nilimwomba Phineas niishike kidogo. Vijiti vyote kumi na viwili vilikuwa wima.

Nikasema, "Hii si saa ya Patroba."

Titus akasema, "Dada, fundi ametengeneza. Imekuwa mzuri na bado unanung'unika?"

Mzee Were, aliyekuwa akisimamia shughuli, alisema kasoro imeondoka, basi tumshukuru Mungu. Nikawauliza: mikwaruzo iko juu, sawa, inafutika. Kijiti kiko chini ya kioo na kimefungwa huko kiwandani. Kimenyooshwa na kitambaa gani? Walicheka. Mmoja alisema nagombana kwa ajili ya kitu kisichofika punje ya wimbi. Titus hakucheka. Mawingu yalikuwa yamefunika lakini yeye alikuwa anatoka jasho. Ndipo akasema, polepole, kwamba saa ilikaa kwa Nasambu siku nyingi, na kama ilibadilishwa, ilibadilishwa kabla hajaipokea.

Nasambu alinitazama akasema, "Mulamwa, wifi yangu, ulikuwa hapo jikoni. Waambie."

Niliwaambia. Titus alikwenda kituoni kushtaki, na jioni polisi walikuja wakamchukua Nasambu pamoja na saa ile ya uongo. Mimi hawakuniuliza lolote.

Kwetu mke akishaitwa mwizi wa mali ya marehemu, hana boma tena. Jana asubuhi nilikuta ng'ombe wa Titus wamefungwa katika zizi la Patroba. Nililia pale zizini, na yalikuwa machozi ya hasira. Titus tumenyonya ziwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikiwa hapa natoa maelezo haya, Mkuu wa Kituo aliingia kumuuliza Konstebo anayeniandikia kama tumemaliza. Akainua mkono kuangalia saa. Namwomba Konstebo aandike na hili. Ilikuwa saa ya dhahabu isiyo na namba. Nilimwambia, "Afande, naomba uiweke mezani karibu na ile ya kesi, tuzitazame pamoja." Alisema saa zinafanana, na kwamba polisi hawana kazi ya kuchunguza vijiti. Kisha akatia mkono mfukoni, akasema ana haraka. Mtu mwenye haraka huangalia saa yake. Yeye aliificha. Nilipokaa palikuwa mbali, na macho yangu si ya juzi, kwa hiyo juu ya kijiti siwezi kuapa.

Niliyoyaona nimeyasema. Niliyoyashuku nimeyaita shaka. Naomba Nasambu arudi kwake.

(Sahihi) Jael Navalayo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo J. Cherotich, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ndiyo aliyoyasema. Baada ya yeye kutoka niliagizwa na Mkuu wa Kituo niandike upya ukurasa wa mwisho, nikiacha sehemu inayomhusu. Sikuuandika upya. Naupeleka mwenyewe kwa wakubwa wilayani pamoja na kurasa nyingine. Mkuu wa Kituo alipoinua mkono, mimi nilikuwa karibu naye kuliko shahidi. Kijiti cha saa kumi kimeinama.

(Sahihi) J. Cherotich