Kiti Mwendo na Mulamula wa Ta Lwakatare

Ijumbi, Muleba
26 Januari 2025

Dada Benadetha,

Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo wote, waliopo hapa Ijumbi na waliotawanyika hadi Miembeni, kwamba kuanzia wiki hii jogoo wetu amehamia rasmi kwenye kiti cha serikali. Analala hapo, anawikia hapo, na jana alimfukuza paka aliyeketi bila idhini.

Kasinge. Kichwa chako kimepoa? Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo ndio mwanzo wa habari.

Kiti chenyewe ni cha mwanao Lilian. Unawakumbuka wale wa halmashauri waliopita shuleni mwaka jana wakipima watoto macho, masikio na miguu? Nilidhani ni wale wa kupima na kuondoka. Kumbe walimaanisha. Alhamisi Afisa Kahangwa wa elimu maalumu kaleta kiti mwendo kipya, kakikunja, kakibeba kichwani, maana njia yetu unaijua. Shuleni wamemwaga zege la mteremko mlangoni mwa darasa la saba, na choo kimewekewa vyuma vya kushikia. Kila kitu kiko tayari isipokuwa sisi.

Kiti hakipiti. Pale kwenye kona, kulia kuna kaburi la Baba, kushoto mulamula, ule mti wa mpaka wa jirani yetu Ta Lwakatare, na katikati nafasi ya mtu mmoja aliyeshinda njaa. Miaka yote mimi ndiye niliyembeba Lilian mgongoni, na mgongo umegoma tangu Krismasi. Vijana wamejitolea, mwenyewe hataki. "Mjomba, nina miaka kumi na mitatu. Sibebwi tena kama mkungu wa ndizi. Nitakwenda kwa magurudumu au nitakaa hapa na jogoo."

Kahangwa katupa hadi mwisho wa Februari. Lilian asipoonekana shuleni, kiti kinakwenda kwa mtoto wa Kimwani anayekisubiri. Na mwaka huu ni wa mtihani.

Kaka yako,
Buberwa


Miembeni, Bukoba
1 Februari 2025

Kaka Buberwa,

Kasinge waitu. Kichwa kilipoa, kikaanza upya nilipofika kwa jogoo. Mtoe! Kahangwa akikuta kinyesi kwenye kiti tutasema nini?

Nenda kwa Lwakatare. Usiende mikono mitupu, wala usiende na maneno yako yale. Omba upana wa kiti tu, si shamba. Ningemchukua mwanangu, lakini chumba changu kiko juu ya duka, na ile ngazi hata mimi naishuka kinyumenyume. Mwambie asiache vitabu.

Dada yako,
Benadetha


Ijumbi
9 Februari 2025

Dada,

Kasinge. Jogoo alitolewa, akakata rufaa, amerudi.

Nilikwenda kwa Ta Lwakatare na kilo ya sukari. Sukari aliipokea.

"Buberwa," akasema, "baba yako alimburuta baba yangu barazani kwa ajili ya mulamula huu. Leo mnaleta kiti?"

"Ni cha mtoto, Ta Lwakatare."

"Mtoto anakua, njia inakua, kesho linapita lori. Mulamula haung'oki! Na hicho kiti kinapita, mnasingizia tu. Kama hakipiti, hamisheni kaburi."

Niliondoka kabla maneno yangu yale hayajafika mdomoni. Mtendaji wa kijiji aliahidi kuja kukaa naye. Alikuja, akakaa, akanywa pombe yake ya rubisi, akaondoka.

Lilian anazungusha kiti uani mpaka kimechora duara kwenye udongo. Mwalimu wa malezi humletea kazi za darasa, anasema kichwa cha huyu mtoto kiko shuleni, bado mwili.

Kaka yako,
Buberwa


Miembeni
14 Februari 2025

Kaka,

Salamu utanisamehe, nina hasira.

Nimempigia Kahangwa. Kanijibu kwa upole kwamba kiti ni cha mtoto anayekwenda shule. Nikakata simu, maana yule wa Kimwani naye ana mama.

Mwezi ukiisha nakuja kumchukua Lilian, tukae wote huku juu ya duka, shule basi. Labda Lwakatare afe. Mungu anisamehe, asife. Aumwe kidogo tu.

Dada yako,
Benadetha


Ijumbi
9 Machi 2025

Dada Benadetha,

Kasinge, kasinge, na mara ya tatu kasinge! Nianze na unalolisubiri: kiti kinabaki. Lilian yuko shuleni, mstari wa mbele. Afisa Kahangwa alimkuta akibishana na mwalimu wa hisabati, akaridhika. Mtoto wa Kimwani kapata chake katika mzigo uliofuata. Nilimuuliza, nikijua utaniuliza.

Sala yako nayo imejibiwa, kwa hiyo uwe unaangalia unachoomba. Alhamisi ile ya tarehe ishirini Ta Lwakatare aliteleza kibanjani, kwenye migomba yake, kifundo cha mguu kikavimba kama papai. Pikipiki ikawa inamngoja barabarani, na kufika huko naye hupita kona ileile. Wakajaribu kumbeba, nawe unaujua uzito wake na sauti yake. Sisi uani tunasikia kila kitu. Lilian akashuka kitini, akakaa mkekani.

"Mjomba, mpelekee kiti."

Nilikipeleka kwa moyo safi, karibu wote. Tukamketisha, nikamwambia pale konani hatutapita.

"Kinapita! Sukuma!"

Nikasukuma. Gurudumu moja likagota kwenye sementi ya Baba, jingine kwenye mulamula wake. Mbele hakiendi, nyuma kila akiguswa anapiga kelele. Watu wakajaa. Hakuna aliyecheka, yaani kwa sauti. Ndipo Lilian akaita kutoka uani:

"Pole, Ta Lwakatare! Pumzika hapohapo. Mimi nimepumzika tangu Januari."

Mzee alilitazama kaburi la Baba, akautazama mulamula, akalitazama tena kaburi, kama yeye na Baba wanaendeleza kesi.

"Mulamula haung'oki," akasema.

"Haung'oki," nikakubali.

"Basi leteni panga. Kateni migomba yangu hiyo, njia ipite nyuma ya mulamula, kwangu. Mpaka ubaki palepale. Na muangalie mnapokata!"

Dada, sijawahi kukata migomba ya mtu kwa furaha namna ile.

Kesho yake kijiji kizima kilishinda kikisawazisha na kumwaga changarawe. Kulipokucha hakuna aliyetaka kungoja. Lilian kavaa sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Akina mama wa kwaya wakatangulia wakiimba, ngoma nyuma, jogoo nyuma ya ngoma. Ta Lwakatare, mguu umefungwa bandeji, kakalishwa kando ya mulamula wake akipokea pongezi kama mtoa wazo. Lilian alikataa kusukumwa. Akazungusha magurudumu mwenyewe, akapita konani, akashuka bonde, akapanda, jasho linamtoka, vigelegele mpaka shuleni. Akaupanda peke yake ule mteremko wa zege, akafika mlangoni mwa darasa la saba.

Mlango ulikuwa na kufuli. Ilikuwa Jumamosi.

Kaka yako,
Buberwa