Nyota Inayochechemea

Kwako mdogo wangu,

Salamu tele, na shikamoo yangu naidai kabla hujamaliza kufungua bahasha. Hujambo? Na ule mguu, bado unakanyaga mmoja unaruka mmoja, kama kuku aliyefungwa uzi? Sisi wazima, ila shemeji yako hanisemeshi. Ananisukumia sahani kama mfungwa.

Tangu uhame hapa nimekuwa bingwa, usicheke! Ile kamera yangu kuukuu, niliyoifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya kopo la rangi lililojaa mchanga, inapiga nyota mpaka mwezi unaona wivu. Ngoja nikupe siri ya kazi. Unaipandisha juu ya tangi la maji, unaliacha jicho lake wazi saa nzima, unakwenda zako kulala. Nyota zinatembea taratibu, kila moja inajichorea njia yake. Chochote chenye mwanga kikipita, nacho kinachora. Asiye na mwanga haonekani, hata awe na kitambi kama changu.

Basi filamu zikalala kabatini weee, mpaka juzi fundi picha akanisafishia. Moja niliipiga usiku ule pampu ya kisima ilipoibwa. Unaukumbuka? Asubuhi yake ulikuja umeshika kichwa, ukasema umemwona mwanangu kwa macho yako akiibeba. Kijana akaapa mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikamwamini ndugu wa tumbo moja, nikamrushia nguo zake nje ya geti.

Picha imetoka nzuri, mdogo wangu. Juu, nyota zimejipinda kama nyuzi. Chini, mstari wa kurunzi umetoka kisimani ukaenda mpaka kwenye mlango wa chumba chako cha uani. Unapanda, unashuka. Unapanda, unashuka. Nyumba hii nani mwingine anatembea hivyo? Mwanangu anatembea kama maji.

Nimempigia simu, hapokei. Nikamtuma jirani akamwambie arudi nyumbani, baba yake anamwita. Akamjibu kwamba yeye hana baba.

Pampu kaa nayo, haitakuosha. Picha nimeitia fremu, iko sebuleni. Wageni wanaisifu sana, wanauliza ile nyota ya chini inayochechemea inaitwaje. Nawatajia jina lako.

Nisalimie wote huko, hasa wale wanaokuamini.

Ni mimi kaka yako,
Bingwa wa Nyota