Dani Hauzwi

Jumatano, 5 Februari

Lita tano za maji Luanda Kotieno. Lita tano Ndori. Nyingine Kisian, na nyingine tena Otonglo ingawa paa la nyumba yangu lilikuwa tayari linaonekana. Dani, gari nililolipa jina la bibi kwa Kijaluo, anakunywa kushinda ng'ombe. Nimezoea. Gari la miaka ishirini na nne, mimi ni mmiliki wa tatu, jua la Februari, magunia sita ya omena, dagaa wa ziwa, mgongoni. Mtu atarajie nini?

Fungua boneti. Kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta. Geuza uso, ngoja mvuke uishe. Mimina. Funga. Twende. Naweza kuifanya hiyo kazi nimefumba macho. Breki zinalia kidogo kwenye mteremko. Hizo pia nimezoea.

Kesho soko la Sondu.

Alhamisi, 6 Februari

Sikufika Sondu.

Sindano ya joto ilianza kupanda tulipotoka Ahero. Katito ikagonga mwisho. Mvuke kila mahali. Nilikaa kando ya barabara tangu saa tatu hadi saa nane, na jua lile halikuumbiwa binadamu. Mwenye bodaboda mmoja alisimama akaniuliza kama napika chai. Nilimtukana. Alipokwisha kwenda nikacheka peke yangu, halafu hasira ikarudi.

Nina sababu ya hasira. Katika safu yetu ya omena pale Sondu, kila mama huacha gorogoro lake, mkebe wa kupimia, mahali pake, limefunikwa, mdomo ukiangalia chini. Linakaa hivyo kutoka Alhamisi hadi Alhamisi na hakuna mkono unaoligusa. Lakini ukikosa Alhamisi tatu mfululizo, mwenyekiti analigeuza mdomo juu mbele ya watu wote saa sita kamili, na mahali ni pa mwingine. Hakuna barua, hakuna kesi.

Mama yangu alikaa pale. Nimekaa pale miaka kumi na mmoja tangu magoti yake yakatae. Gorogoro ni lilelile lake, limebonyea upande mmoja.

Alhamisi moja imekwenda.

Ijumaa, 7 Februari

Kwa fundi Oloo, hapa Otonglo, nyuma ya wauza nyanya. Mtu mpole, mikono mikubwa, mbele yangu haongei. Amebadilisha kifuniko cha rejeta. Ameunganisha feni moja kwa moja na betri ili izunguke wakati wote. Nikamuuliza kama hiyo inatosha. Akaangalia chini. "Tujaribu hivyo kwanza, Mama."

Sipendi mtu wa kuangalia chini.

Jumatatu, 10 Februari

Kaka yangu Odhiambo amepiga simu. Ni dereva wa lori, kwa hiyo anajua kila kitu cha duniani. "Uzia hiyo gari watu wa vyuma chakavu, upumzike."

Nipumzike nifanye nini? Dani amesomesha watoto wangu wawili. Dani ndiye aliyemtoa Mama hospitalini mara ya mwisho, amelazwa kiti cha nyuma, akilalamikia harufu ya omena mpaka mlangoni. Mtu ambaye hajawahi kuwa na chake barabarani hawezi kuelewa. Odhiambo anaendesha lori la mtu.

Nilimkatia simu.

Jumatano, 12 Februari

Oloo ameitoa rejeta na kuiosha. Yaliyotoka ndani ni kama uji wa wimbi. "Maji ya ziwa, Mama," akasema, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa. Basi sawa, nachota ufuoni, ziwa liko pale na ni la bure. Akabadilisha pia paipu ya juu. Alitaka kusema neno jingine, akalimeza, akajifuta mikono.

Kesho nafika. Lazima.

Alhamisi, 13 Februari

Ahero. Hata Katito sikuiona. Amechemka mapema kuliko wiki iliyopita, baada ya kazi yote ile. Nimekasirika hadi masikio yananguruma.

Nikiwa pale na kitambaa changu mkononi, pikapu ya Felgona ikapita. Felgona ndiye jirani yangu wa kulia kwenye safu, na pikapu ni ya mumewe. Alisimama. Mbele alikuwa amekaa na mke wa mwanawe, msichana mpole, mgeni katika biashara. Felgona akaniambia atanibeba, mimi na magunia, leo na kila Alhamisi, wala nisitoe chochote. Ila msichana akae nami kwenye mahali pangu, nusu kwa nusu, kwa sababu kwake hapatoshi.

Matatu hazitaki omena, harufu inafukuza abiria. Hiyo anaijua. Wiki nzima alikuwa akinisubiri nifike hapo.

Nilimwambia asante, aendelee na safari yake. Pikapu iliondoka na vumbi lote likaja kwangu.

Mbili zimekwenda.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Chepkoech, mwenyekiti wa safu, amepiga. Sauti ya heshima tupu. "Mama Apiyo, wewe najua ni mtu wa kazi. Lakini sheria ni ya sisi wote." Nikamwambia Alhamisi nitakuwa pale. Akauliza nitakuja na nini. Na Dani. Akaniambia Mungu akusaidie.

Nimepiga teke gurudumu. Mguu unauma. Kisha nikaingia ndani ya gari, nikafunga madirisha na kulia. Hata huko sikukaa, joto likanitoa. Yawa! Hata kulia ndani ya gari langu siwezi kukamilisha.

Omena ya wiki mbili nimeiuza kidogo kidogo hapa barabarani. Si bei ya Sondu. Hapa kila mtu anayo.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani mchungaji aliuliza nani ana ombi. Mmoja akataja mtoto, mwingine shamba. Nikasimama nikasema gari langu. Watu wakacheka. Nilibaki nimesimama vilevile hadi walipomaliza kucheka, kisha nikarudia: gari langu, lipande Katito lisichemke. Wakaliombea. Sijui kama waliomba kwa moyo, lakini waliomba.

Kushiriki mahali pa Mama na Felgona? Afadhali nibebe gunia kichwani hadi Sondu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeaibika na lazima niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nilikwenda kwa Oloo nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba hajui kazi. Wiki mbili, kifuniko, feni, rejeta, paipu, na gari bado linachemka. Alifungua boneti, akaweka kidole pale paipu inapoingia kwenye injini.

"Hapa hakuna themostati, Mama."

Nikamuuliza kwa ukali nani aliyeitoa. Akaniangalia. Safari hii hakuangalia chini.

Ni mimi.

Miaka miwili iliyopita Odhiambo aliniambia kile kidude ni cha nchi za theluji. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ipate moto, na hapa Kisumu nani anahitaji kupasha injini moto? Madereva wangapi hapa wamekitoa. Mimi nikaja mbio kwa Oloo akitoe. Oloo alikataa. Alieleza, nikumbuke vizuri, alieleza kabisa: gari hili si kama mengine, likikosa hicho kidude maji yanapata njia ya mkato, yanazunguka ndani ya injini na kurudi bila kupita kwenye rejeta kupozwa. Nikampigia kelele. Nikasema mbele ya kila mtu kwamba fundi atakayenitajia hicho kitu tena hatagusa gari langu mpaka kufa.

Akakitoa. Na hakukitaja tena. Kwa miaka miwili mimi nabeba majerikeni, na kila Alhamisi nawaambia watu magari ya zamani ndivyo yalivyo. Ni joto la mwaka huu tu lililokataa kunificha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinikataza, Mama."

Wote wakasikia. Muuza nyanya pia.

Jumanne, 18 Februari

Mimi situpi kitu. Kidude kilikuwa kwenye mkebe wa vifungo, chini ya zipu za zamani. Cha shaba, saizi ya kifuniko cha chupa ya uji, na springi katikati.

Oloo alinifundisha jinsi ya kukipima. Unakichemsha. Nikaweka sufuria ya ugali jikoni, maji ya baridi, kidude ndani. Kimefunga kabisa. Nikakaa kwenye kigoda nikakikodolea macho. Maji yakaanza kutoa moshi. Kimefunga. Mapovu madogo. Bado kimefunga. Nikasema basi, kimekufa ndani ya mkebe, na ni mimi niliyekizika.

Halafu kikafunguka. Polepole sana, kama mtu mzee anayeamka kitini. Nikakitoa kwa kijiko, nikakitia kwenye maji baridi, kikajifunga. Nikarudia. Nimerudia mara nne, hata sikuhitaji. Ugali wa leo umechelewa.

Nilimpelekea Oloo kidude, na ngege wawili wakubwa. Nikasema nilikosea. Neno moja, nimelisema nimesimama. Alisema asante kwa samaki.

Jumatano, 19 Februari

Kidude kimerudi mahali pake, gasketi mpya. Ndani ya rejeta hakuna tena maji ya ziwa, ni yale ya kijani ya dukani. Nimekwenda Luanda Kotieno na kurudi na magunia sita. Jerikeni nilibeba, sikulifungua.

Lakini safari hiyo ilikuwa asubuhi, upepo wa ziwa unapuliza. Kesho ndiyo kesho.

Oloo ameniambia niondoke saa kumi na mbili, kabla ya jua. Mimi huondoka saa mbili. Nimetii. Inauma.

Amesema pia: kwenye jua sindano itapanda kuliko leo. Itafika katikati halafu itasimama. Usishtuke, usizime injini.

Alhamisi, 20 Februari

Niliondoka saa kumi na mbili kwa utiifu wangu wote, na Ahero nikakuta lori la mchele limelala katikati ya barabara. Foleni mbele, foleni nyuma. Saa moja. Saa mbili. Saa tatu na nusu. Jua likaja na nguvu zake zote, na Dani ananguruma palepale bila upepo hata wa kupepea jani.

Sindano ikaanza kupanda.

Robo. Kuzidi robo. Nikashika ufunguo. Miaka miwili mkono wangu umejua jambo moja tu: sindano ikipanda, zima, fungua, mimina. Nilisikia jasho likinishuka mgongoni. Nikizima hapa saa sita inanikuta hapa. Nisipozima na Oloo amekosea, injini imekwisha, na Odhiambo atapata maneno ya kusema mpaka kaburini.

Nikautoa mkono kwenye ufunguo. Nikaukalia.

Sindano ilifika katikati. Ikasimama. Nilihesabu hadi mia, ikawa imesimama. Nikahesabu tena. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari, na dereva wa pembeni akafunga dirisha lake.

Barabara ilifunguliwa saa nne na kitu. Katito nilipita bila kumwangalia mtu. Kilima chote, magunia sita, na sindano imekaa palepale kama muumini kanisani.

Sondu nimeingia saa sita kasoro dakika chache. Watu wamezunguka safu yetu. Felgona pale, mke wa mwanawe pale, magunia ya msichana tayari yameegemezwa mahali pangu. Mama Chepkoech alikuwa ameinama. Nikapiga honi ikaita soko zima.

Gorogoro lilikuwa bado mdomo chini.

"Umekuja na hiyo?" Mama Chepkoech akauliza.

"Ningekuja na nani mwingine?"

Nikaligeuza mwenyewe, nikalipangusa kwa leso, nikalijaza omena hadi ikamwagika. Felgona akakumbuka ana kazi upande wake. Msichana wake sina ubaya naye, nilimsaidia kuhamisha gunia. Moja. Alikuwa na mawili, lakini mimi si mtakatifu.

Nimeuza yote sita.

Ijumaa, 21 Februari

Asubuhi nilijikuta mbele ya Dani na jerikeni limejaa, kitambaa begani. Mazoea. Nikafungua kifuniko. Maji ya kijani yamefika juu kabisa. Hakuna pa kumimina. Nimemwagilia sukuma wiki.

Odhiambo hajapiga simu. Nami sitampigia.

Nikakaa kidogo kwenye ngazi. Kisha nikampigia Oloo. Nikamwambia yote, foleni, sindano, gorogoro. Alicheka, sijawahi kumsikia akicheka. Nikamwambia sasa aniambie, bila woga, kama kuna kitu kingine chochote cha hili gari ambacho amekuwa akiogopa kunitajia.

Nikasikia muuza nyanya akiita wateja kule nyuma yake.

"Breki, Mama."

Kesho nampelekea. Nitakaa kwenye lile benchi lake nimsikilize mpaka amalize.