Kilima Kimemjibu Inosenti

Nkungu, siku ya pili baada ya misa

Mama yangu,

Nakusalimu na kuushika huo mkono wako wa kulia unaouma kila mvua ikikaribia. Je, unalala? Umelizoea joto la Kigoma, au bado unalalamika kwamba linapika watu wakiwa hai? Sisi huku miili ni mizima. Maharage yamechanua, na baridi ya asubuhi ni ile ile aliyokuwa akitusimulia baba, ingawa yeye aliikimbia akiwa bado mgongoni mwa mama yake.

Yaya Espe, wewe dada yetu mkubwa ndiwe utakayemsomea mama. Soma polepole. Usiruke mahali kama ulivyofanya na barua iliyopita. Nikikuambia simama, simama.

Mama, najua utakachouliza kwanza. Ndiyo, bado nafundisha Kifaransa, na ndiyo, bado nagombana na watu. Sasa nagombana hata na redio. Inasema vita vimekwisha, wakubwa wamepeana mikono hotelini na kula samaki. Sawa, nami nilifurahi. Lakini sikusikia hata mmoja wao akitaja kijana mmoja kwa jina aliloitwa nyumbani kwao. Wanasema vikosi. Wanasema gharama. Wewe hukuzaa kikosi, mama. Hata yule mwanamke wa Bukavu anayenunua unga kwa Beata mkwe wako pale mpakani, ambaye mwanawe aliuawa akipigana upande ule mwingine, naye hakuzaa gharama. Wao wawili hupimiana unga bila kuulizana. Wana akili kuliko mkutano mzima.

Sasa nifike kwa Inosenti wetu.

Siku alipoondoka sikuwahi kukusimulia vizuri. Yeye na askari wenzake walivuka daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, kwa miguu, mimi na Beata mkewe tukiwa kando ya barabara kati ya wachuuzi. Alikuwa amevaa buti za mpira. Akanipigia kelele: "Kaka, angalia! Bamenipa buti za kukamulia ngombe! Tukishindwa vita, nitarudi na maziwa!" Wachuuzi walicheka, na Beata alicheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa anarudi Bukavu, mama, mji alimozaliwa, na bunduki begani. Kule walituita Wanyarwanda, wakatuambia turudi kwetu. Tukarudi kwetu, na hapa wakatuita Wakongomani. Hayo nimeyaandika mara nyingi kwa hasira. Leo nayaandika bila hasira, na yanauma zaidi.

Rafiki yake aliyerudi na mguu mmoja alituambia yote kuhusu kifo chake: msitu wa upande wa Shabunda, kando ya mto, majani waliyomfunika nayo kwa sababu hapakuwa na jembe. Nilipokuandikia, ulijibu kwamba mtu ambaye maiti yake haijaonekana hajafa. Ukasema kila jioni kwenye sala bado unamtaja pamoja na watoto walio hai, wa mwisho, baada yangu. Sikukubishia. Duniani ni wewe peke yako nisiyekubishia.

Sasa sikia. Kigango chetu hapa kilipanga misa ya vijana waliokufa jeshini. Desturi waliyoiweka ni hii: kila kilima, maana huku kijiji ni kilima, husimama kwa zamu, mzee wake hutaja vijana wake mmoja mmoja, na kila akitaja, watu wa kilima hujibu, "Ni uwacu," yaani ni wetu. Basi nilikwenda kwa Mzee Karori, mkubwa wa kilima hiki, kumwambia asimsahau Inosenti.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa.

"Sina ubaya na weye, mwalimu," alisema. "Lakini kilima kinaita mutoto wa kilima. Wenu hakulima hapa hata siku moja. Kitovu chake kiko Bukavu."

"Na mwili wake uko Kongo vilevile," nikamwambia. "Basi hapa amebaki na nini, mzee? Jina tu. Nalo mnamnyima? Alipokuwa anavaa zile buti, nani alimuuliza kitovu?"

"Aa, Bakongomani! Kinywa chako kiko na moteri kama ya gari."

Nilisema mengi, mama, unanijua. Nilimtaja babu, nikamwonyesha mahali nyumba yake iliposimama, nikamtaja Mungu, ambaye kwa kawaida simsumbui. Mwishowe Karori aliweka panga chini.

"Kuja Jumapili. Mimi sitamutaja, utamutaja mwenyewe. Batu bakinyamaza, usinilaumu."

Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Beata alikuwa anapepeta mchele.

"Shemeji, unapigana na nani?" aliniuliza. "Mzee yule alizika mutoto wake. Mimi sina hata kaburi la kupalilia."

Nilikaa siku zote zile nikitunga hotuba.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Zamu yetu ilipofika, Karori alianza na mwanawe mwenyewe, na sauti yake haikutikisika. "Ni uwacu." Akataja wengine. "Ni uwacu." Kisha akaniangalia.

Nilisimama. Hotuba yote ilikuwa kichwani, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Nikafungua kinywa, mama, na hakikutoka kitu. Mimi mwenye moteri. Niliziona zile buti tu. Watu walianza kugeuka kunitazama.

Beata akasimama kando yangu, na kitenge chake cha sokoni kinachonuka dagaa wa sambaza, akasema, "Inosenti, mume wangu."

Kimya. Mtu alikohoa kule nyuma. Nilifikiri, basi, wamemkataa mbele ya altare. Ndipo Karori, akiwa ameinama, akasema peke yake, "Ni uwacu." Na kanisa zima likajibu baada yake.

Yaya, simama hapa. Mpe mama maji.

Mama, nilidhani nitafurahi. Beata alianguka sakafuni, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia miaka yote hii, na wanawake wakamzunguka, wakamfunika. Tulipotoka tulikuta beseni la maji mlangoni. Tukanawa mikono, kama watu wanaotoka kuzika. Karori alinishika bega.

"Leo hukusema kitu, mwalimu."

"Sikusema, mzee."

"Ni vizuri."

Nimepigana na kilima kizima ili kikubali kwamba Inosenti ni wao, na sikuona kwamba siku watakapokubali ndiyo siku atakayokufa. Mpaka Jumapili alikuwa na mama yake tu na sala yake iliyomweka hai. Sasa amezikwa na watu wote, na mimi ndiye niliyewaita.

Beata anakusalimu. Amenyoa nywele, na wanawake wa kilima wamekuja kumlimia shamba bila kuitwa. Nisalimie mume wa Yaya, ambaye ananidai jibu kuhusu siasa. Mwambie safari hii sina. Nisalimie na shangazi anayekaa nanyi, aliyemlea Inosenti ulipokuwa unaumwa. Mwambieni habari hii taratibu, mchana, si akiwa amekaa peke yake.

Nina ombi moja, mama. Jioni, ukimaliza kututaja tulio hai, huwa unapumua kidogo, kisha unamtaja marehemu baba. Nakuomba umhamishe Inosenti. Ukifika kwangu, nyamaza, pumua, halafu mtaje baada ya baba yake, waende pamoja. Mimi nimejaribu kumtaja hivyo jana na leo, nimeshindwa. Wewe ndiwe uliyempa hilo jina.

Mwanao, ambaye sasa ndiye wa mwisho,
Anastazi